Mhandisi Mwandamizi wa Mitambo ya Majengo: Kazi na Dhamana Yake Katika Mji Mkongwe na Unguja

Mhandisi mwandamizi wa mitambo ya majengo ni mtaalamu anayebeba dhamana ya kila kinachozunguka, kinachopozwa, kinachopashwa moto au kinachosukumwa ndani ya jengo. Maji safi na maji taka ni yake. Viyoyozi na mzunguko wa hewa, maji ya moto, pampu za zimamoto, lifti na majenereta ni yake vilevile, na katika hospitali hata oksijeni inayomfikia mgonjwa kitandani kupitia bomba la ukutani. Msanifu huchora jengo na mhandisi wa ujenzi huhakikisha kuwa halianguki. Huyu wa mitambo ndiye anayelifanya likalike.

Ni kazi isiyoonekana. Mitambo yake hufichwa juu ya dari, nyuma ya kuta, chini ya ngazi na juu ya mapaa, na mwenye nyumba huikumbuka siku maji yanapokatika au kiyoyozi kinapoanza kudondosha maji juu ya kitanda cha mgeni. Katika kisiwa cha Unguja kazi hii ina ugumu wake wa pekee. Hewa ni ya unyevu mwingi na yenye chumvi, majengo mengi ya thamani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, maji ya kunywa yanatoka ardhini, na sehemu kubwa ya umeme huvuka bahari kabla ya kufika swichini.

Mitambo ya kale

Huduma za majengo si jambo la juzi Zanzibar. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 na Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ni ushahidi kwamba suala la maji na mvuke ndani ya jengo lilishafikiriwa kwa makini kabla ya ujio wa umeme. Baadaye Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya umma ya Hamamni, ambayo iliendelea kutumika hadi mwaka 1920. Humo yalitengenezwa mabwawa ya maji ya moto na ya baridi, na moto wa kupashia maji ulitengwa mbali na waogaji. Fundi wa leo anayetenganisha chumba cha mitambo na vyumba vya watu anafuata kanuni ile ile.

Barghash ndiye pia aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka kwenye chemchemi zilizo kaskazini ya mji. Haikuwa anasa. Mji ulikuwa umepigwa na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, na visima vilivyochimbwa karibu na vyoo vilikuwa miongoni mwa njia za maradhi. Mhandisi anayesisitiza leo kwamba bomba la maji safi lisipite chini ya bomba la maji taka hafanyi ubishi wa kitaalamu tu. Kanuni hiyo ina makaburi nyuma yake.

Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, linatajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Kwa maneno mengine, taaluma inayozungumzwa hapa iliingia katika eneo hili kupitia mlango wa Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo, swali la nini kinaruhusiwa kuongezwa juu au ndani ya kuta za kale limepata uzito mpya kwa kila anayefanya kazi Mji Mkongwe.

Maji, uzito na ukuta wa chokaa

Mji Mkongwe uliandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo inayosimamia ujenzi na ukarabati ndani ya mipaka yake. Mhandisi wa mitambo anayeingia hapa akiwa amezoea majengo ya zege hulazimika kujifunza upya mambo mengi.

Kuta za nyumba hizi ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Sakafu na mapaa yamebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti moja haizidi sana mita tatu, vyumba vingi vimekuwa virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa hupumua: hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa jua. Unapochimba mfereji wa bomba ndani ya ukuta huo na kuuziba kwa saruji, umeufunga mdomo. Maji hubaki ndani, chumvi hupanda, lipu hudondoka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Kwa sababu hiyo mhandisi mwandamizi mwenye uzoefu huepuka kuchimba. Mabomba hupitishwa wima katika sehemu moja, aghalabu pembeni ya ua wa ndani au nyuma ya bafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, mahali yanapoweza kukaguliwa na kubadilishwa bila nyundo. Humlazimu abishane na msanifu kuhusu nafasi hiyo, maana kila msanifu anaitamani kwa kabati. Mabishano hayo hayana budi kufanyika mapema, michoro ikiwa bado karatasini. Baada ya ukuta kupakwa chokaa, mshindi ni fundi mwenye patasi.

Uzito nao ni suala la kuhesabiwa, si la kukisiwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, sawa na watu wazima wapatao sabini waliosimama pamoja kwenye eneo dogo la paa. Paa la boriti lililojengwa kubeba jamaa wachache wanaopunga upepo jioni halikukusudiwa mzigo huo. Suluhisho la kawaida ni kuweka tangi kubwa chini, ardhini au kwenye ua, na tangi dogo tu juu, likikalia kuta zinazobeba mzigo na si katikati ya chumba, huku pampu ikilijaza kidogo kidogo. Wamiliki wengi hulalamikia gharama ya pampu ya pili. Ni malalamiko yanayoeleweka, lakini mhandisi asiyeweza kuyakataa hafai kuitwa mwandamizi.

Kiyoyozi na hewa ya Unguja

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na ndipo utaalamu unapojulikana.

Joto la Unguja si kali kwa kipimo cha dunia. Hata Februari na Machi, wakati kaskazi inapofifia na watu kutokwa na jasho kivulini, joto la mchana huwa kama nyuzi 32 au 33. Tatizo ni unyevu. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 26. Chumba cha hoteli kilichopozwa hadi nyuzi 22 kina kuta, vioo, dari na mashuka yenye ubaridi kupita kiwango hicho. Mlango wa roshani ukiachwa wazi, hewa ya nje huingia na kuacha maji yake kila mahali. Baada ya msimu mmoja ukungu mweusi umeota nyuma ya kabati, na mgeni anaandika kuwa chumba kina harufu.

Wamiliki wengi hujibu tatizo hilo kwa kununua mashine kubwa zaidi, na hilo huliongeza. Kiyoyozi kikubwa kupita mahitaji hupoza chumba kwa dakika chache kisha hujizima, kabla hakijapata muda wa kuikausha hewa. Chumba kinakuwa baridi na chenye majimaji. Vipimo vilivyonakiliwa kutoka miradi ya Maskati au Dubai, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, huleta balaa hili hili. Wapo mafundi hodari wa Kizanzibari waliopata ujuzi wao Ghuba na ujuzi huo ni hazina, ila jedwali la kule linahitaji hesabu mpya hapa. Mhandisi hupima ukubwa wa chumba, madirisha na upande yanakoelekea, idadi ya watu, taa na vifaa, ndipo anapoamua kama mashine ya BTU 9,000 inatosha badala ya ile ya 18,000 iliyokwishaagizwa.

Maji yanayotolewa hewani nayo yanahitaji njia. Mashine moja ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa nyakati za unyevu mwingi. Gesti ya vyumba kumi, viyoyozi vikifanya kazi saa kumi kwa usiku, itatoa lita mia moja au zaidi ifikapo alfajiri. Maji hayo yakiachwa yatiririke kwenye ukuta wa matumbawe kupitia kipande cha mpira kilichochomozwa dirishani, kama inavyoonekana katika vichochoro vingi, ukuta unapata mvua yake binafsi kila siku ya mwaka. Bomba la kukusanya maji ya viyoyozi ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu zaidi katika mradi mzima na ndilo linalosahaulika zaidi. Maji hayo yakikusanywa hufaa kwa kumwagilia miti au kusafishia vyoo.

Mashine za nje hula chumvi. Mapezi ya alumini na mirija ya shaba inayoikabili bahari Shangani au Forodhani huchakaa haraka kuliko ya kitongoji kilicho ndani ya kisiwa. Hivyo mhandisi huagiza mashine zilizopakwa kinga dhidi ya chumvi, huzificha nyuma ya ukingo wa paa mahali ambapo hazichafui sura ya mji wala hazipigwi moja kwa moja na upepo wa bahari, na huandika katika mkataba wa matengenezo kwamba zioshwe kwa maji baridi mara kwa mara. Jambo hili la mwisho halina fahari yoyote, lakini ndilo linaloamua kama mashine itadumu.

Kuna suala la gesi ya kupozea. Makubaliano ya Montreal ya mwaka 1987 yalianza kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea gesi ya R-22, iliyojaa katika viyoyozi vya zamani, inatakiwa kuondolewa karibu yote ifikapo 2030. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 yaligusa kundi jingine la gesi, zile ambazo haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Kwa mhandisi maana yake ni kwamba mashine anayoichagua leo lazima iwe na gesi itakayopatikana miaka kumi ijayo. Baadhi ya gesi mpya, kama R-32, hushika moto kwa kiasi fulani. Fundi aliyezoea kuchomelea mirija bila kuiondoa gesi kwanza anahitaji mafunzo mapya, na ni wajibu wa mhandisi kutomruhusu apande paani bila mafunzo hayo.

Inafaa kukumbuka kuwa nyumba za kale zilikuwa na mitambo yao isiyotumia umeme. Ua wa ndani hufanya kazi kama bomba la kuvutia hewa: joto hupanda na kutoka juu, hewa ya kichochoro chenye kivuli huingia chini. Dari ni za juu, madirisha yana luva, kuta nene huchelewesha joto la mchana. Mhandisi mzuri huanza kwa kuuliza ni vyumba gani vinaweza kuishi kwa feni na luva peke yake. Kuufunika ua kwa kioo ili upatikane mkahawa wenye kiyoyozi ni kuua mtambo uliofanya kazi kwa zaidi ya karne moja na kununua mwingine unaodai bili kila mwezi.

Umeme unapokatika

Unguja ilipata waya wa umeme wa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa Tanzania Bara hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 umeme ulikatika tena na haukurejea hadi Machi 2010. Kwa miezi mitatu kisiwa kizima kiliishi kwa majenereta, mishumaa na taa za mafuta. Pampu za visima zilisimama na foleni za ndoo zikarefuka. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikamilika miaka michache baadaye na kuanza kutumika mwaka 2013.

Matukio hayo yalibadili namna mhandisi wa majengo anavyofikiri hapa. Swali la kwanza katika mradi wowote mkubwa ni: jengo hili litafanya nini likikosa umeme kwa saa moja, kwa siku moja, kwa mwezi mmoja? Majibu matatu hayafanani. Kwa saa moja inatosha jenereta kuanza yenyewe na kubeba taa za njia ya kutokea, pampu, lifti na majokofu. Kwa siku moja yahesabiwe mafuta. Kwa mwezi mmoja yahesabiwe mafuta, vichujio, oili, fundi wa zamu, na uwezekano wa kuzima nusu ya jengo ili nusu nyingine iishi.

Jenereta yenyewe huwekwa vibaya mara nyingi. Takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka umeme. Inayobaki ni joto, na joto hilo lazima litoke. Jenereta iliyofungiwa kwenye stoo isiyo na matundu ya kutosha hujizima yenyewe wakati inapohitajika zaidi, au, jambo baya kuliko hilo, moshi wake wenye sumu huingia vyumbani. Katika kichochoro chenye upana wa mita mbili bomba la moshi halina budi kupandishwa hadi juu ya paa la jirani, na jirani asikilizwe kabla ya bomba kufungwa.

Jambo dogo la kitaalamu lenye faida kubwa: mota ya pampu ya kawaida huweza kuvuta mara sita ya umeme wake wa kawaida inapoanza. Umeme unaporejea na pampu zote, viyoyozi vyote na lifti kuanza kwa mpigo mmoja, jenereta huzimika na swichi kuu huanguka. Kupanga mitambo ianze kwa zamu, mmoja baada ya mwingine kwa sekunde chache, ni kazi ya alasiri moja.

Maji ya kisiwa yanatoka ardhini, na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) ndiyo inayosimamia upatikanaji wake. Tabaka la mawe ya chokaa hupitisha maji kwa urahisi, na kisima kinachovutwa kupita kiasi karibu na pwani huanza kuvuta maji ya bahari. Hoteli ya ufukweni inayotumia maji bila hesabu inaweza kuharibu kisima cha kijiji jirani kwa miaka mingi. Hivyo bomba linalofunga lenyewe, choo chenye matumizi madogo, matumizi ya maji ya mvua ya masika na vuli, na usafishaji wa maji taka kwa ajili ya bustani ni mambo ya haki baina ya majirani kabla hayajawa mambo ya bili. Kwa maji ya moto, jua la nyuzi sita kusini ya ikweta linatosha karibu mwaka mzima. Tangi lake litunzwe kwenye nyuzi 60, kwa kuwa maji ya vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45 hukuza bakteria wa Legionella, waliogunduliwa baada ya watu kuugua na kufa katika mkutano wa maveterani uliofanyika hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976.

Moto, wagonjwa na majengo mapya

Gari la zimamoto haliwezi kupita katika sehemu kubwa ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwa hiyo dakika za mwanzo za moto ni za jengo lenyewe: akiba ya maji isiyoguswa kwa matumizi mengine, mpira wa kuzimia moto unaofika kila chumba, vitambua moshi vinavyofanya kazi, na pampu mbili, moja ya umeme na nyingine ya dizeli, maana umeme huwa wa kwanza kukatwa pakizuka moto. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kishirikishwe tangu hatua ya michoro, si siku ya ukaguzi wa mwisho.

Hospitalini uzito wa kazi ni mwingine. Chumba cha upasuaji husukumiwa hewa iliyochujwa ili hewa chafu ya ukumbini isiingie. Viwango vinavyotumika sana hutaka hewa hiyo ibadilishwe mara 20 kwa saa. Chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu hufanyiwa kinyume: hewa huvutwa nje ili maradhi yasitoke kuelekea ukumbini. Feni ikifungwa kwa kugeuzwa, vyumba vyote viwili vitakuwa na ubaridi mzuri na hakuna atakayeshtuka, huku kimojawapo kikieneza maradhi. Hivyo majaribio ya mitambo kabla ya makabidhiano si sherehe, na mhandisi mwandamizi huyasimamia mwenyewe akiwa na kipimo mkononi.

Kwa upande wa majengo mapya, eneo la Fumba limekuwa uwanja wa majaribio. Mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa Burj Zanzibar, mnara wa mbao wenye ghorofa 28 na kimo cha mita 96. Kwa mhandisi wa mitambo namba hizo zina maana ya moja kwa moja: maji hayawezi kusukumwa kwa pampu moja kutoka chini hadi juu bila kupasua mabomba ya ghorofa za chini, hivyo jengo la namna hiyo hugawanywa katika kanda, kila moja na shinikizo lake.

Namna ya kufikia nafasi hii

Njia ya kawaida huanza na masomo ya sayansi skuli, kisha stashahada au shahada ya uhandisi mitambo. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni, imelea mafundi sanifu wengi wa Zanzibar, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha wahandisi tangu Kitivo chake cha Uhandisi kilipoanza mwaka 1973. Mhitimu si mhandisi kamili bado. Tanzania Bara, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Baada ya miaka ya mafunzo kazini na kupimwa ndipo huwa mhandisi mtaalamu, na baadaye mhandisi mshauri. Zanzibar ina bodi yake inayosajili wasanifu, wahandisi na wakadiriaji majenzi.

Ngazi ya uandamizi haipimwi kwa miaka peke yake. Mhandisi mdogo huhesabu bomba. Mwandamizi huamua kama bomba linafaa kuwepo, husoma zabuni na kugundua kifaa dhaifu kilichofichwa katika ukurasa wa arubaini, huwafunza vijana, na hutia saini. Saini hiyo ina maana kwamba pakitokea hitilafu, jina la kwanza kuulizwa ni lake. Wapo wanaoombwa waitie kabla ya mitambo kujaribiwa kwa sababu siku ya uzinduzi imekwishapangwa na kadi zimesambazwa. Mhandisi anapaswa kukataa, na bodi iliyomsajili inaweza kumchukulia hatua asipofanya hivyo.